Kununa Si Upungufu wa Homoni

Tangu nilipovuka miaka hamsini, simu yangu imeamua kwamba mimi ni mwanamume niliyepungua. Nikitafuta matokeo ya Simba na Yanga, inaniuliza kama nachoka mchana. Nikitafuta duka la Auburn, hapa Sydney, lenye mchele wa bei nafuu, inaniuliza kama kitambi kinaongezeka. Juzi nilikuwa nasoma tangazo la msiba, na katikati ya rambirambi akachomoza Mzungu mwenye kifua kama kabati la nguo, akaniuliza kwa upole kama bado ninao ule moto wangu wa zamani. Moto wangu yule bwana aliuona wapi?

Matangazo haya yana ujanja wake. Sheria ya Australia, inayosimamiwa na TGA, yaani mamlaka ya dawa, hairuhusu kuitangazia hadhira dawa inayohitaji cheti cha daktari. Kwa hiyo husikii mtu akitaja testosteroni. Utasikia “afya ya wanaume”. Utasikia “nguvu”. Utasikia “rudi ulivyokuwa”. Nirudi nilivyokuwa lini? Nikiwa na miaka ishirini nilikuwa sina kazi, nalala sebuleni kwa shangazi Tandika, nguo zangu zote zinaenea kwenye mfuko wa rambo. Moto ulikuwepo, sikatai, ila hapakuwa na cha kupika.

Ingekuwa simu peke yake ningeivumilia. Simu ina kitufe cha kuzima. Shemeji hana.

Shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, ana miaka arobaini na kidogo, anaendesha teksi za mtandaoni, na ana tabia ya kugundua ugonjwa kabla haujamfika mtu. Jumamosi huwa tunakutana kwa kinyozi mmoja Mkongo hapa Blacktown, si mbali na stesheni. Nywele ni kisingizio tu, wengine wetu hata hizo nywele hatuna. Basi siku hiyo shemeji akaingia na simu mkononi, akatangaza mbele ya watu kuwa ameamua kuchomwa sindano ya testosteroni, na kwamba mimi ndiye ningefaa kuwa wa kwanza.

“Shemeji, wewe ulikoroma kwenye harambee ya msikiti,” akasema. “Hiyo ni homoni.”

Nikamwambia mgeni rasmi alihutubia saa nzima. Hakunisikia. Alikuwa ameshafungua maswali kumi ya kujipima, anayasoma kwa sauti ya mtangazaji wa redio. Je, hamu ya tendo la ndoa imepungua? Watu wote wakatazama dari. Je, nguvu za mwili zimepungua? Mzee mmoja Mrundi anayebeba mizigo sokoni Flemington akaguna. Je, umepungua kimo? Yule mzee akajibu kwamba suruali zake zote zimerefuka. Je, raha ya maisha imepungua? Kijana mmoja aliyekuwa ametoka kupandishiwa kodi ya nyumba akauliza, “Raha ipi?” Je, umekuwa na huzuni, au unanuna nuna? Hapo wote wakageuka kunitazama mimi. Je, unasinzia baada ya chakula cha jioni? Kinyozi akazima mashine.

“Kumbe sisi wote hapa tuko wagonjwa?” akauliza.

Ndiyo, ndugu yangu. Kwa maswali yale, ukijibu ndiyo kwa matatu yoyote umeshaingia kwenye kundi. Kwa nini wanaume wa saluni nzima ya kinyozi tuwe wagonjwa wa maradhi yale yale? Nilipofika nyumbani nikatafuta maswali yenyewe yametoka wapi. Yalitungwa Marekani na daktari bingwa wa wazee aitwaye John Morley, wa Chuo Kikuu cha Saint Louis, kwa ufadhili wa kampuni ya dawa ya Organon. Mwaka 2013 gazeti la New York Times liliandika habari zake, na mwenyewe alisema aliyaandika kwa dakika ishirini, msalani, kwenye karatasi ya chooni, kesho yake akampa katibu wake ayapige chapa. Huo ndio mtihani tuliofanyishwa Blacktown. Mimi nimeambiwa nimepungua na karatasi iliyokuwa na kazi nyingine.

Sasa nisije nikaonekana nawasema Wazungu peke yao. Sisi watu wa pwani tulianza zamani. Ni nani aliyepita Forodhani au Kariakoo usiku asijue supu ya pweza inanywewa kwa sababu gani? Nani asiyemfahamu yule kijana anayetembeza mihogo mibichi, karanga na vipande vya nazi, akikutana na mwenye ndoa anamkonyeza? Kuna mkuyati, kuna vumbi la Kongo, na kila nguzo ya umeme ina karatasi ya mganga anayetibu nguvu za kiume, kesi mahakamani na mume aliyetoroka, vyote kwa namba moja ya simu. Tofauti ni moja tu. Mganga wa nguzoni hana kadi ya benki yako inayokatwa kila mwezi.

Na mabingwa wa zamani wa sayansi hawakutupita mbali. Mwaka 1889 daktari mmoja mashuhuri, Charles-Édouard Brown-Séquard, mzaliwa wa Mauritius, jirani yetu kabisa wa Bahari ya Hindi, alisimama mbele ya wasomi wenzake jijini Paris akiwa na miaka 72. Akawaambia amejichoma sindano ya maji yaliyokamuliwa kwenye korodani za mbwa na simbilisi, na amekuwa kijana tena. Ngazi anapanda mbio, kazini hachoki. Alipima mpaka mkojo wake unaruka umbali gani, akaripoti kwamba umeongezeka kwa robo. Dunia ikampigia makofi. Mwaka 2002 madaktari wa hapa Australia walitengeneza upya dawa ile ile kwa korodani za mbwa, wakaipima, wakakuta testosteroni iliyomo ni kidogo mno, haiwezi kumtia nguvu hata kuku. Mzee alipona kwa imani.

Baadaye akaja Serge Voronoff, aliyeanza mwaka 1920 huko Ufaransa kuwashonea wanaume vipande vya korodani za nyani. Usidhani Sydney ilikosa. Ukipanda treni ya Newcastle utapita kituo kinaitwa Morisset, na hapo katika miaka ya 1930 daktari Henry Leighton Jones alikuwa anafuga nyani wake na kuwapandikizia watu tezi zao. Kila nikipita pale nawaza wale nyani. Wao nani aliwauliza kama wanasinzia baada ya chakula cha jioni?

Testosteroni yenyewe ilikuja kupatikana ikiwa safi mwaka 1935 kule Amsterdam. Timu ya Ernst Laqueur ilisaga kilo mia moja za korodani za ng'ombe dume ikapata miligramu kumi. Leo inatengenezwa kiwandani, na biashara imenoga. Profesa David Handelsman wa Taasisi ya Utafiti ya ANZAC, pale Hospitali ya Concord hapa Sydney, alichapisha mwaka 2013 hesabu ya nchi 41. Mauzo ya testosteroni yalitoka dola milioni 150 mwaka 2000 yakafika dola bilioni 1.8 mwaka 2011. Mara kumi na mbili ndani ya miaka kumi na moja. Wanaume wa dunia hawakupungua mara kumi na mbili kwa muda huo. Walioongezeka ni wenye kuuza.

Mke wangu ndiye aliyekata maneno. Alisikia mimi na shemeji tunabishana jikoni, akafunika sufuria ya maharage, akasema, “Baba Watoto, kama unaumwa nenda kwa daktari. Kama huumwi, toa takataka.” Nikatoa takataka, kisha nikaenda kwa daktari.

Daktari wetu wa familia ni mama wa Sri Lanka asiye na utani. Nilimweleza yote: uchovu, kusinzia, kununa, kitambi. Hakushika hata karatasi. Aliniuliza nafanya kazi gani. Nikamwambia naendesha foklifti kwenye ghala moja kule Eastern Creek, zamu ya usiku. Natoka alfajiri, naingia barabara kuu ya M7 na kulipa ushuru wake, nafika nyumbani wakati majirani wanaanza kukata majani kwa mashine. Akaniuliza nalala saa ngapi kwa siku. Nikahesabu. Akaniuliza kama nakoroma. Nikamwambia hilo aulize harambee ya msikiti. Akatoa utepe wa fundi cherehani kwenye droo akanizungushia tumboni. Alisoma namba, akairudia, akaandika bila kuitamka. Nilimshukuru kwa hilo.

Kisha akanipa somo, nami nalileta hapa kwa sababu kwenye simu hutalipata bure. Testosteroni hupanda alfajiri na kushuka mchana, kwa hiyo damu hutolewa asubuhi, mapema, kabla ya kula. Kipimo kimoja hakitoshi kumhukumu mtu, kikitoka chini lazima kirudiwe asubuhi nyingine. Mtu wa zamu ya usiku, ambaye asubuhi yake ni jioni ya wenzake, akapimwe siku za mapumziko akishalala usiku kama binadamu. Wala usipimwe ukiwa na homa au umetoka kulazwa, maana mwili ukiumwa hujipunguzia wenyewe.

Tena Serikali ya Australia si ya mchezo kwenye fedha zake. Kuanzia Aprili 2015, mpango wa ruzuku ya dawa, PBS, ulikaza masharti. Mwanamume asiye na ugonjwa unaojulikana wa korodani au wa tezi ya pituitari lazima awe na miaka 40 au zaidi, na damu ya asubuhi mbili tofauti ionyeshe testosteroni iko chini ya nanomoli 6 kwa lita. Ikiwa kati ya 6 na 15, lazima ile homoni ya ubongo inayoziamrisha korodani iwe imepanda mno, ishara kwamba bosi anapiga kelele na mfanyakazi haitiki. Na lazima daktari bingwa ahusike. Uzee na unene peke yake havikubaliwi kuwa sababu. Ukitaka kwa fedha yako, daktari anaweza kukuandikia, lakini hapo umeshaondoka kwenye mfuko wa taifa na kuingia kwenye mfuko wako.

Nilipolalamika kwamba uzee nao ni ugonjwa, daktari alinikatalia. Watafiti wa Concord walichukua wanaume 325 waliovuka miaka 40 na waliojiona wazima wa afya, wakawapima damu mara kwa mara kwa miezi mitatu. Matokeo yalichapishwa mwaka 2012. Umri wenyewe haukuishusha testosteroni yao. Unene uliishusha. Kwa hiyo siku ya kuzaliwa haina kosa, sambusa ndizo zenye kesi. Na usingizi nao haujaachwa nyuma. Mwaka 2011 watafiti wa Chicago waliwalaza vijana wazima saa tano tu kwa usiku, kwa wiki moja, na testosteroni yao ya mchana ikashuka kwa asilimia 10 hadi 15. Vijana hao! Mimi saa tano nazipata Krismasi.

Majibu ya damu yangu yalirudi nanomoli 13 kwa lita. Kawaida kabisa. Nilimtazama daktari kama mtu aliyenyimwa viza. Aliniandikia kipimo cha usingizi, kikaonyesha pumzi inanikatika usiku, na sasa nalala na mashine ya kusukuma hewa puani. Aliniambia kwamba testosteroni ingeweza kuizidisha hali hiyo. Mke wangu anasema nyumba imepata utulivu ambao haijawahi kuujua tangu tuhamie Sydney.

Lakini tusiwacheke wote. Kuna wanaume ambao dawa hii ni haki yao kama insulini ilivyo haki ya mwenye kisukari. Kuna hali ya Klinefelter, ambapo mvulana huzaliwa na kromosomu X ya ziada. Inakadiriwa kuwapata wavulana wapatao 1 katika kila 650, na wengi huzeeka bila kuambiwa, wakidhani ni wapole tu kwa tabia. Kuna waliougua uvimbe wa pituitari, kuna waliopoteza korodani kwa saratani, kuna ambao matubwitubwi ya ukubwani yaliwashukia huko chini yakaharibu. Hao wakipata dawa, mifupa hukaza, hamu hurudi, damu hupanda. Kwao hakuna cha kubishana kwa kinyozi. Ubaya wa kelele za matangazo ni kwamba hao wenye shida ya kweli huona aibu kwenda, wakiogopa kudhaniwa wanatafuta ujana.

Hata walio katikati, wenye kipimo cha chini kidogo na tumbo kubwa, wamefanyiwa utafiti. Australia iliwachukua wanaume 1,007 wa miaka 50 hadi 74, wenye viuno vya sentimita 95 na kuendelea na walio ukingoni mwa kisukari au ndiyo kwanza kimewaingia. Wote waliwekwa kwenye mpango wa kupunguza uzito. Nusu walipewa sindano ya testosteroni, nusu sindano isiyo na dawa. Baada ya miaka miwili, matokeo yaliyochapishwa mwaka 2021 yalionyesha wenye kisukari walikuwa asilimia 12 kwa waliopata dawa na asilimia 21 kwa wenzao. Si haba. Ila zaidi ya mmoja katika kila watano wa waliopata dawa damu yao ilikuwa nzito kupita kiasi, na damu nzito ni jambo la kufuatiliwa hospitali, halifuatiliwi kwa simu. Mwaka 2023 utafiti mkubwa wa Marekani uitwao TRAVERSE, wa wanaume zaidi ya 5,200 wenye moyo mbovu au ulio hatarini, ulisema dawa haikuongeza mshtuko wa moyo wala kiharusi. Lakini mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio, damu kuganda mapafuni na figo kuzidiwa ghafla vilionekana zaidi kwa waliotumia. Wauzaji husoma sentensi ya kwanza tu.

Sindano yenyewe, shemeji aliiona kwenye video akanyamaza kidogo. Ile ya muda mrefu ni mililita nne za mafuta ya mbono, zinazosukumwa taratibu kwenye tako, kila baada ya wiki kumi hadi kumi na nne. Akasema basi atatumia krimu. Krimu nayo ukiipaka ukampakata mtoto, au mke akakuegemea kabla haijakauka, wao ndio wanaota ndevu.

Lakini kilichommaliza shemeji si tako wala ndevu. Wifi wa mke wangu, yaani mke wa shemeji, alikuwa kimya muda wote, anamenya viazi. Wana watoto watatu wa kike na kwa muda sasa wanatafuta wa nne. Nikamsomea shemeji alichoniambia daktari: ukiingiza testosteroni kutoka nje, ubongo unaona ghala limejaa, unazipa korodani likizo, na utengenezaji wa mbegu unasimama. Shirika la Afya Duniani lilishawahi kuwachoma wanaume 271 wa nchi saba sindano ya testosteroni kila wiki, matokeo yakachapishwa mwaka 1990, na lengo lake lilikuwa uzazi wa mpango. Mbegu hurudi ukiacha, ila huchukua miezi, na wengine husubiri sana.

Wifi aliweka kisu chini.

“Kwa hiyo dawa ya uanaume,” akasema polepole, “ni dawa ya kuzuia mimba?”

Shemeji aliifuta hapo hapo programu ya wauza sindano aliyokuwa ameshajiandikisha kwenye simu, mbele ya mashahidi, na bado wanamkata fedha kila mwezi. Amewaandikia, wamemjibu wakimuuliza kama kusahau sahau ni miongoni mwa dalili zake.

Mwanamume mwenzangu unayesoma haya ukiwa umechoka, shika hili. Hamu ikitoweka, ndevu zikipungua, mifupa ikivunjika ovyo, usione haya, nenda kwa daktari anayekujua. Damu yako ipimwe asubuhi, irudiwe asubuhi nyingine, na kama bado unataka mtoto sema mapema kabla hujaandikiwa kitu. Ikithibitika imepungua na sababu ikajulikana, tumia dawa na ufuatiliwe. Ikiwa sawa, basi uchovu wako una mwenyewe, na mara nyingi mwenyewe ni zamu ya usiku, kodi ya nyumba na sahani ya tatu. Mimi nimeshamwandikia mwajiri wangu barua ya kuomba zamu ya mchana. Bado hajajibu, na nitaendelea kununa mpaka ajibu.